Jina la Kupangia Chumba

Kila asubuhi Bipana alikuwa mtu wa kwanza kupanda juu ya paa. Alimfunga mdogo wake Nirjal vifungo vya sweta, akamwachia kikombe cha chai ya maziwa, kisha akakimbia ngazi zote mpaka kileleni mwa nyumba, kulikokuwa na tangi la maji na makopo ya maua. Kazi yake ilikuwa kumchumia Mama Indira maua ya ibada ya asubuhi. Chini, kwenye stendi ya mabasi ya Kathmandu, makondakta walikuwa wameshaanza kuita abiria.

"We Bipana! Usiniletee yaliyonyauka! Mungu naye ana macho!" Mama Indira alipaza sauti kutoka jikoni kwake.

"Nachuma mazuri tu, Mama! Yaliyonyauka namwachia mbwa wako, maana yeye hasali!"

Mama Indira alicheka mpaka akakohoa. Yeye ndiye mwenye nyumba, mjane mwenye magoti mabovu na wana wawili, mmoja ughaibuni na mwingine akihangaikia viza. Bipana alimjazia mtungi wa shaba maji, akampikia chai, akamkanda magoti. "Ningejaliwa binti," Mama Indira alikuwa akisema, "ningemtaka awe kama huyu huyu." Bipana, msichana wa miaka kumi na miwili, aliyasikia maneno hayo akatamani yasikike mtaa mzima.

Kumbe chini ya furaha hiyo kulikuwa na siri.

Mwaka mmoja nyuma, Bipana, Nirjal na mama yao Goma walifika mjini na magunia mawili na cherehani. Baba yao alikuwa Qatar akijenga majumba ya watu, na shule ya kijijini kwao iliishia darasa la tano. Goma alibisha mlango baada ya mlango akitafuta chumba. Kila mahali walipokelewa vizuri, wakakaribishwa hata kukaa, hadi lilipokuja swali moja tu: "Mnaitwa nani?" Goma akajibu, "Pariyar." Papo hapo chumba kilichokuwa wazi kikawa kimeshapata mtu! Pariyar ni jina la washonaji na wapiga zumari za harusi. Kwa mila za wazee, watu hao wakigusa maji, maji humwagwa. Sheria ilikwisha kupiga marufuku upuuzi huo tangu zamani, lakini sheria haikai mlangoni kupokea wageni.

Jua lilipozama, mvua ikinyesha na Nirjal akiwaka homa, Goma alibisha kwa Mama Indira. Alipoulizwa jina, alimtazama mwanawe akasema, "Bhattarai." Lilikuwa jina la matajiri wa tabaka la juu kijijini kwao, watu ambao baba mkwe wake aliwashonea nguo maisha yake yote, akakaa uani asivuke kizingiti chao. Mlango ulifunguliwa wazi.

Tangu siku hiyo jina lile likawa paa lao. Shuleni, ng'ambo ya barabara kuu, Bipana aliandikishwa kwa jina lake la kweli, ila kila akikaribia nyumbani aliliacha njiani. Mama yake alimwonya: "Ukiulizwa habari za ukoo, sema 'Mama anajua.' Basi. Usiongeze hata neno moja, mwanangu. Tukijulikana hatuna chumba, na bila chumba shule ndiyo mwisho."

Ikafika siku mwana wa pili wa Mama Indira alipopata viza ya Australia. Mama Indira akaandaa ibada kubwa ya shukrani. Goma, kama kawaida yake, alisingizia kazi katika kiwanda cha nguo alikoshona. Siku za ibada ndizo alizoziogopa kuliko zote. Lakini Bipana alishikwa mkono.

"Wewe huendi popote," Mama Indira alisema. "Mwanangu anaondoka, nawe utakaa hapa kando yangu. Njoo utunge maua."

Sebule ilijaa majirani na harufu ya siagi na ubani. Kuhani, mzee mwembamba mwenye utani mwingi, alipita akimwombea kila mtu. Kabla ya kumfunga uzi wa baraka mkononi alimuuliza jina na mhenga aliyeanzisha ukoo wake. Hata watoto wadogo, wenye makamasi puani, walijibu mbiombio. Zamu ya Bipana ikafika.

"Haya, binti yetu wa maua. Jina?"

"Bipana Bhattarai."

"Mhenga wa ukoo?"

'Mama anajua.' Maneno yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini mtoto wa miaka mitano alikuwa ametoka kujibu sasa hivi, na watu wote walikuwa wakimtazama, na Mama Indira alikuwa akitabasamu kwa fahari. Bipana akaona haya. Akakumbuka jina alilowahi kulitaja Priti, mwanafunzi mwenzake wa ukoo wa Upreti.

"Bharadwaj," akasema kwa sauti.

Kuhani alisimamisha mkono. "Bhattarai wa Bharadwaj? Loo! Nimefunga nyuzi hizi tangu meno yangu yote yalipokuwa kinywani, sijawahi kumwona. Bhattarai ni wa Vasishtha, mjukuu wangu. Mama yako hakukufundisha?"

Watu wakacheka, cheko jema tu la sherehe. Ila wifi yake Mama Indira hakucheka. "Na huyo mama mwenyewe," alisema, "mbona hajawahi kuhudhuria ibada hata moja? Eti, binti, kwenu ni kijiji gani?"

Bipana alitaja. Angefanyaje? Mkazamwana wa mwanamke yule alikuwa ametoka upande huo huo. Simu ikapigwa pale pale, mbele ya watu, na sauti ikasikika hadi kwenye kona ya sebule: "Goma? Wa cherehani? Bhattarai gani tena! Huyo ni Pariyar, mke wa mshonaji!"

Kuhani aliinama akaanza kukusanya vyombo vyake polepole. Mwanamke aliyekuwa amekaa bega kwa bega na Bipana alikusanya sari yake akasogea. Mama Indira aliutazama mtungi wa shaba ambao Bipana aliujaza asubuhi ile, akautazama kwa muda mrefu. Kisha akavua kipuli chake cha dhahabu, akakitumbukiza kwenye bakuli la maji, akaanza kunyunyiza: mkekani alipokaa Bipana, kizingiti cha jikoni, ngazi moja moja. Maji yaliyoguswa na dhahabu ndiyo yanayosafisha, ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Machozi yalimtiririka.

"Mbona umenifanyia hivi, Bipana? Umenipikia chai mwaka mzima!"

"Ulisema ni tamu, Mama," Bipana alisema.

Mama Indira alifunika uso kwa upindo wa sari. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mtoto yule, na bado alinyunyiza maji. Goma aliporudi jioni alimkuta amesimama mlangoni.

"Nawapa siku tatu," Mama Indira alisema bila kumtazama usoni. "Njia ya mwongo ni fupi, Goma."

Goma alimshika Nirjal mkono akaingia ndani.

"Mimi ndiye niliyeharibu, Mama," Bipana alilia. "Ungenipiga tu."

"Nikupige kwa lipi? Nenda ukakunje nguo."

Kesho yake shuleni Mwalimu Tulasi alimkuta Bipana analia nyuma ya darasa, akamtoa maneno yote. Mwalimu akawaka. Jioni ile ile alimfuata Goma kiwandani.

"Dada, hii ni jinai! Twende polisi sasa hivi. Sheria iko upande wako, yule mama anaweza kufungwa!"

Goma alikata uzi kwa meno. "Najua, Mwalimu. Nitashinda. Halafu? Nani atampa chumba mwanamke aliyempeleka mwenye nyumba wake polisi? Hukumu haina paa. Na uongo nilisema kweli."

Mwalimu aliketi kando ya cherehani. "Kwa baba mkwe wangu, ninakoishi, kuna chumba kitupu," akasema. "Nitazungumza naye. Nipe mpaka kesho."

Usiku ule Bipana aliota wanahamia kwa Mwalimu. Lakini kesho yake Mwalimu Tulasi aliingia darasani macho yamevimba. Wakati wa mapumziko alimwita kando, akashindwa kumtazama.

"Amekataa, Bipana. Nikataka kubishana naye, nikaogopa. Nikanyamaza. Mimi ninayewafundisha uraia!"

Bipana hakuwahi kumwona mwalimu akiomba radhi. Alihisi hata watu wakubwa wamefungwa kamba ile ile, ila wao yao ni ndefu kidogo.

Siku ya mwisho walizunguka tangu asubuhi, watatu, Nirjal akiburuta miguu. Ilikuwa yale yale. "Chumba kimepata mtu." "Mume wangu hayupo." Mwanamke mmoja hakusema chochote, alifunga tu komeo, nao wakalisikia likilia. Goma alianza kuyumba kama mgonjwa. Walipofika kwenye nyumba ya matofali wazi kando ya mto, nyuma ya banda la nguruwe, alikuwa hana hata sauti.

Alitoka bibi mnene wa kabila la Watamang, watu wa milimani, aliyeitwa Phulmaya, mkono mmoja umeshika ufagio. Aliwakagua juu mpaka chini.

"Chumba kipo. Nyinyi mko wangapi?"

Goma alishtuka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Woga wa siku tatu ukamsemea. "Sisi ni… sisi ni Bhat—"

"Pariyar, bibi," Bipana alidakia. "Sisi ni Pariyar. Mama yangu ni mshonaji."

Goma alifumba macho, akingoja komeo.

"We mtoto, una masikio?" bibi alifoka. "Mimi nimeuliza mko wangapi! Chumba chenyewe kidogo, kina unyevu, nguruwe wananuka. Wenye majina makubwa makubwa wamekiona wakakimbia. Mko wangapi?"

"Watatu," Nirjal alijibu kwa niaba ya wote, akiinua vidole vinne.

Bibi Phulmaya alicheka akawasukumia mlango.

Walihama jioni ile. Mwalimu Tulasi alikuja kubeba magunia bila kuitwa. Alipofika kwa Mama Indira alisimama chini ya dirisha akasema kwa sauti, ili mtaa mzima usikie, kwamba wapangaji hawa wanafukuzwa kwa sababu ya jina lao, na kwamba yeye anaona aibu kwa nyumba ile na kwa nyumba yake mwenyewe. Pazia la Mama Indira lilitikisika, lakini hakutoka. Bipana alikaa akingoja mpaka mama yake akamvuta mkono.

Chumba kipya kilinuka kweli. Ukuta ulikuwa umelowa, na shule sasa ilikuwa mwendo mrefu. Bipana alikaa juu ya gunia akasema, "Mwalimu, bibi huyu akibadilika je? Na wale wajukuu zake tuliowaona uani, wakikataa kucheza na Nirjal je?"

"Huenda wakakataa," Mwalimu alisema. "Siwezi kukudanganya."

"Kwa hiyo tulifanya kosa kusema uongo, au hatukufanya?"

Mwalimu alimtazama Goma, naye Goma akapiga magoti mbele ya binti yake, akamshika mabega.

"Uongo ni uongo, mwanangu, na uliniunguza kila siku. Nilikula nao, nikalala nao, nikakufundisha wewe kuubeba, na hilo ndilo kosa langu. Lakini aliyenitwisha mzigo ule ana kosa kubwa kuliko langu. Sikiliza. Jina lako alilibeba babu yako, na nguo alizoshona zimevaliwa na watu waliomkataza kuingia ndani. Yeye hakuwa mchafu hata siku moja. Basi kuanzia leo ukiulizwa, jibu. Na mlango ukifungwa, utaumia, utalia, lakini usiinamishe kichwa. Aibu si ya anayebisha, ni ya anayefunga."