Shata Iliyohesabu Mbili

Jua lilikuwa linazama nilipofika mtaa wa Mwanga, si mbali na kwetu Ujiji, kwa Gervasi anayeuza kamera za mtumba. Nilimshika mkono Kurwa, mwanangu wa miaka minne. Pacha wake, Doto, tulimzika masika yaliyopita. Sikuwa na picha yake hata moja. Simu iliyokuwa na picha zake ilitumbukia ziwani. Sikutaka yanikute tena.

"Dada, usidanganywe na kung'aa," Gervasi alisema. "Ni kama bodaboda. Imeoshwa vizuri, kumbe injini imechoka. Uliza shata, kile kipazia cha ndani, imepiga mara ngapi."

Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Namba ikatokea: 8,214.

"Bado mbichi hii," akacheka. "Ukipiga picha moja, inaongezeka moja. Ikiruka, nirudishie."

Nyumbani Ujiji, kabla hatujawasha taa, nilimpiga picha mama yangu. 8,215.

Nikampiga Kurwa, amesimama peke yake ukutani.

8,217.

Nikapiga ukuta mtupu. 8,218. Nikampiga Kurwa tena.

8,220.

Picha ilikuwa moja. Mtoto alikuwa mmoja. Lakini shata niliisikia... kacha. Halafu nyingine, ndogo, nyuma yake... kacha.

Chumba kikanukia mafuta ya mise, ya kokwa za mchikichi, yale niliyompaka Doto siku ya mwisho.

"Mama," nilinong'ona, "Doto yupo."

"Mwana wanje, mwanangu, nyamaza!" Mama alinikamata mkono. "Pacha aliyeondoka haitwi jina mbele ya mwenzake."

Nilijua. Nimelelewa na hayo. Lakini nilitaka picha moja tu.

"Doto," nikaita. "Simama vizuri, mama akupige picha."

Kacha.

Mara moja tu. 8,221.

Harufu ikakatika. Mtoto akatoka ukutani, akanishika khanga. Aliniangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Mama... Kurwa yuko wapi?"

Mama yangu akaanza kulia bila sauti.

Kesho yake Gervasi aliijaribu kamera mara kumi. Nzima, akasema. Picha ninayo. Mtoto mmoja, anacheka. Walifanana mno, na mimi mama yao nimeitazama mpaka macho yameniuma, bado sijui ni yupi.

Siku hizi saa ya chakula nasema tu, "Mwanangu, njoo." Sithubutu kutaja jina. Namwogopa atakayeitika... na ninamlilia yule atakayesikia kuwa hakuitwa yeye.