Sentensi Aliyoiruka

Jua lilikuwa linazama msomi alipobisha hodi kwa nabii. Miaka minne chuoni, digrii ya isimu, halafu kazi yenyewe ndiyo hii: kuandika anayoropoka mzee mgonjwa! Lakini mama yake alishachoka kumlisha, ingawa hakuwahi kusema.

"Andika kama asemavyo, mwanangu," mke wa nabii alimnong'oneza. "Ukimaliza, msomee. Akisema 'ndivyo', nitakufungulia. Neno lake likiandikwa, hutimia. Lisipoandikwa, husubiri."

"Usijali, mama. Ni copy and paste tu."

Ufunguo ukazungushwa nyuma yake.

Chumba kilinuka nta na jasho la kale. Meza, taa, pazia zito. Nyuma ya pazia sauti kavu ikaanza... mvua, nzige, ukuta utakaoanguka. Msomi akaandika, huku akisonya kimoyomoyo. Kisha sauti ikashuka.

"Na mama wa mwandishi hataamka kesho."

Kalamu ikasimama.

Akairuka sentensi hiyo. Nani angejua? Akasoma yote kwa madaha ya mtangazaji wa redio.

Akangoja lile 'ndivyo'.

"Umeacha," sauti ikasema. "Soma tena."

"Mzee, be serious! Huyo ni mama yangu!"

"Soma tena."

Akalivuta pazia kwa hasira.

Kitanda kitupu.

Shuka limetandikwa vizuri, vumbi limelala juu yake. Na juu ya mto, pasipo mtu, sauti ileile: "Soma tena."

Akaupiga mlango mateke. Hapo ndipo aliposikia kitu ukutani... Mtu upande wa pili, koo limemkauka, anasoma. Mvua, nzige, ukuta... Anafika mahali, ananyamaza. Anaanza upya.

"We nani?"

"Mwandishi," mtu akanong'ona. "Mimi alimtaja binti yangu. Sijaandika, ndugu yangu. Na wewe usiandike."

"Uko humo tangu lini?"

Mtu akaanza upya. Mvua, nzige, ukuta...

Simu ikaita. Mama.

"Profesa wangu, uko wapi? Chakula kinapoa."

"Wewe kula tu, mama. Funga mlango, ulale."

"Mbona kama unalia?"

"Mafua."

Akakata. Akaitazama nafasi nyeupe kwenye karatasi. Kisha akaivunja kalamu vipande viwili.

"Soma tena," mto ukasema.

Akaanza. Mvua, nzige, ukuta...

Nje, mke wa nabii alikuwa akimkaribisha mtu, kwa upole uleule.

"Ndiyo, mwanangu. Bado tunatafuta mwandishi."