Petroli Iliyomtoa Mzee Owiti Nyumbani

Mzee Owiti alikuwa wa kwanza kuamka kila siku. Alibandika maji ya chai, akavaa koti lake la zamani, kisha akatoka kwenye korido kuosha pikipiki ya Odero.

Odero alikuwa mwana wa ndugu yake. Ndugu huyo alifariki Odero akiwa darasa la tatu. Tangu siku hiyo Mzee Owiti ndiye aliyemlea. Wakati huo Mzee alifagia barabara za jiji, na karo ya Odero ilitoka kwenye ufagio huo. Ndiyo maana Odero hakumwita baba mdogo. Alimwita Baba.

Sasa Mzee alikuwa amestaafu. Waliishi pamoja mtaani Pipeline, ghorofa ya chini ya jengo refu. Odero, mkewe Roseline na watoto wao, Clare na wadogo zake, walilala chumba cha ndani. Mzee alilala chumba cha mbele, karibu na mlango. Pikipiki ilifungwa kwa mnyororo nje ya mlango huo.

Pikipiki hiyo ndiyo iliyowalisha wote. Odero alibeba abiria kutoka asubuhi hadi jioni. Lakini alikuwa na shida moja. Petroli ilikuwa ikiisha haraka sana.

"Aliyeniuzia pikipiki alisema lita moja inaenda kilomita sitini," Odero alimwambia mkewe. "Hii haifiki popote! Jana ilinizimikia nikiwa na abiria. Alishuka akanitukana."

"Labda ina ugonjwa," Roseline alisema. "Ipeleke kwa fundi."

"Haina ugonjwa. Inanguruma vizuri. Kuna mtu anainyonya petroli usiku."

Mshale wa kuonyesha petroli ulikuwa umekufa zamani. Odero alitikisa tangi tu, akasikiliza, akakisia. Kila asubuhi alitikisa, na kila asubuhi aliona imepungua.

Siku moja aliamka mapema kuliko kawaida. Alipofungua mlango, alimkuta Mzee amechuchumaa kando ya pikipiki. Mkononi alikuwa na kitambaa. Korido yote ilinuka petroli.

"Baba, unafanya nini?"

"Napangusa. Pikipiki yako inadondosha, mwanangu. Nilikuambia juzi, ukaniambia umechelewa kazini."

Odero alimshika mkono akaunusa. "Mikono yako inanuka petroli."

"Si nimekuambia napangusa?"

"Eti inadondosha! Kila siku nikitikisa tangi, petroli imepungua. Na kila siku ni wewe uko hapa peke yako. Unamuuzia nani?"

Mzee alisimama polepole. Jirani yao Wanja alikuwa akipita na ndoo ya maji. Alisimama pia. Watu wawili waliokuwa wakishuka ngazi kwenda kazini wakasimama nyuma yake.

"Odero," Mzee alisema kwa sauti ya chini. "Unaniita mwizi?"

"Kama wewe si mwizi, niambie petroli yangu inaenda wapi!"

Roseline alitoka mbio. "Baba Clare, nyamaza! Huyo ni mzazi wako!"

Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na watu walikuwa wamelisikia.

Mzee alikikunja kile kitambaa akakiweka juu ya kiti cha pikipiki. Aliingia ndani akatia nguo zake kwenye mfuko. Roseline alimfuata hadi barabarani, akimshika koti na kumsihi.

"Rudi kwa watoto, mama," Mzee alimwambia. "Nimewaachia chai."

Alikwenda mtaa wa Mathare kwa rafiki yake Wekulo. Walikuwa wamefagia pamoja kwa miaka mingi. Wekulo alimpa kitanda, wala hakumwuliza maswali.

Wiki mbili zilipita. Watoto walimwuliza baba yao, "Babu atarudi lini?" Odero aliwaambia wakalale. Roseline alimpa chakula, lakini hakuzungumza naye.

Na petroli iliendelea kuisha.

Hilo ndilo lililoanza kumnyima Odero raha. Mzee aliyeitwa mwizi alikuwa ameondoka. Korido ilikuwa na lango, na lango lilikuwa na kufuli. Nani sasa alikuwa akiiba?

Siku moja mchana pikipiki ilimzimikia tena kwenye barabara ya Outering. Akaisukuma juani hadi kwa Shiro. Shiro alikuwa fundi wa pikipiki mwenye kibanda kando ya barabara. Waendeshaji wengi walimwamini kwa sababu hakubadilisha kipuri ambacho hakijaharibika.

"Niaje, Odero. Mbona unasukuma?"

"Imekauka, Shiro. Na leo asubuhi nimeweka lita mbili."

"Umetembea kilomita ngapi?"

"Sijui."

"Sasa utajuaje kama inakula sana?"

"Inafaa kwenda sitini kwa lita moja. Aliyeniuzia ndiye aliyesema."

Shiro alifuta mikono yake. "Hiyo sitini inawezekana. Lakini ni kwa mtu mmoja, barabara tupu, mwendo wa pole, bila kusimama. Wewe unabeba watu wawili na gunia la viazi. Unasimama, unaondoka, unasimama tena. Hakuna pikipiki ya kazi kama yako itakayokupa sitini. Hii ikiwa nzima itakupa kama arobaini."

"Arobaini tu?"

"Arobaini na kidogo. Hiyo petroli nyingine uliyokuwa ukiitafuta haikuwahi kuwa ndani ya tangi, bro."

Odero alikaa juu ya tairi kuukuu. Maneno hayo yalimwingia vibaya.

"Kwanza tupime," Shiro alisema. "Nenda ujaze tangi mpaka pale shingo ya tangi inapoanza. Soma namba ya kilomita hapa mbele, uiandike. Fanya kazi yako kama kawaida siku mbili. Kisha rudi kituo kile kile, ujaze mpaka pale pale. Lita zitakazoingia ndizo ulizotumia. Chukua kilomita ulizotembea, ugawanye kwa hizo lita. Usitikise tangi tena. Tangi halisemi kweli likitikiswa."

Odero alifanya hivyo. Baada ya siku mbili alirudi na karatasi. Alikuwa ametembea kilomita mia moja thelathini na tano. Lita tano zilikuwa zimeingia.

"Ishirini na saba kwa lita," Shiro alisema. "Sasa tunajua. Inakula, na si kidogo. Tutafute inakula wapi."

Alibonyeza tairi la nyuma kwa kidole gumba. "Halina upepo wa kutosha. Tairi laini linaburuta barabara, na injini inalipia kwa petroli. Angalia upepo kila asubuhi."

Aliinua pikipiki kwenye stendi yake akalizungusha gurudumu kwa mkono. Gurudumu lilisimama papo hapo. "Umeona? Breki inakaba hata usipoikanyaga. Ni kama unaendesha huku mtu anakuvuta shati."

Alifungua chujio la hewa. Lilikuwa jeusi kwa vumbi. "Injini inapumua kupitia hapa. Ikikosa hewa inakunywa petroli nyingi na kutoa moshi." Alivuta choki akaona imekwama nusu. Kazi ya choki ni kuongeza petroli injini ikiwa baridi. Hii ilikuwa ikiongeza siku nzima.

Kisha Shiro akaweka kipande cha kadibodi chini ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Akafungua koki ya tangi ili petroli iteremke, akangoja. Odero naye akangoja.

Doa moja likaonekana kwenye kadibodi. Baada ya muda, la pili.

"Inadondosha," Shiro alisema. "Ukilala bila kufunga koki, inadondosha mpaka asubuhi. Hujawahi kukuta sakafu imelowa?"

Odero aliyatazama yale madoa.

"Odero, nakuuliza. Unaiegesha wapi?"

"Kwenye korido. Kulikuwa na mtu aliyekuwa akipangusa kila asubuhi."

"Basi mtu huyo mshukuru. Wapangaji wa plot yenu wanapita hapo na majiko yenye moto. Bila yeye mngekuwa mmeshaungua."

Odero aliinamisha kichwa. Shiro alidhani anahesabu gharama. Akamwambia, "Usijali, hakuna kipuri kikubwa hapa. Ni kusafisha, kukaza na kulegeza." Odero alifuta macho kwa mkono wa shati. Shiro akaona, akageuka, akaendelea na kazi yake.

Alipomaliza alimpa mawaidha machache zaidi. Aondoke pole, asizungushe mkono wa mafuta kwa nguvu. Apandishe gia mapema. Azime injini akimngoja abiria. Afunge koki kila anapoegesha.

Odero alipima tena. Kilomita mia moja sitini na nane, lita nne. Arobaini na mbili kwa lita. Alimwonyesha Roseline ile karatasi. Roseline aliisoma, akaiweka mezani.

"Nenda Mathare," alisema.

Jumapili Odero alienda. Alimkuta Mzee amekaa nje ya mlango wa Wekulo, akishona kiatu. Alikuwa amekonda, na alikohoa kila mara. Odero alipiga magoti mbele yake.

"Baba, nimekukosea. Ilikuwa ikidondosha, kama ulivyosema."

Mzee aliweka kiatu chini. "Ni wapi hasa?"

"Kwenye kabureta. Na breki ilikuwa ikikaba, na chujio lilikuwa limeziba. Na mimi nilikuwa nikitafuta petroli ambayo haikuwahi kuwepo."

"Nilijua ni hapo kwenye kabureta," Mzee alisema, na kwa muda mfupi alionekana kufurahi. "Sasa imepona?"

"Imepona, Baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Nilikusamehe siku ile ile, kabla sijafika hapa."

"Basi twende nyumbani. Watoto wanakungoja."

Mzee alitikisa kichwa. "Nimefagia jiji hili miaka thelathini, Odero. Nimeokota pochi za watu nikazirudisha. Hakuna aliyewahi kuniita mwizi. Wewe uliniita, mbele ya Wanja na mbele ya watu wa ngazini. Nikirudi leo watasema mwizi amerudi. Nenda uwaambie hao hao ukweli. Ukimaliza, njoo unichukue."

"Jumapili ijayo, Baba. Nitawaita wote."

"Sawa. Nitafunga mfuko wangu."

Odero alikuwa na nia ya kweli. Lakini Jumapili ilipofika, mvua ilinyesha, akasema watu hawatatoka vyumbani. Jumapili iliyofuata alipata kazi ya kubeba mizigo kutwa. Kusema kweli alikuwa akiona haya. Kumwita mtu mwizi kulikuwa kumemchukua dakika moja. Kusema "nilikosa" mbele ya watu wale wale kulimshinda.

"Unangoja nini?" Roseline alimwuliza.

"Jumapili hii. Naapa."

Alhamisi asubuhi simu ililia. Alikuwa Wekulo.

"Odero, kile kifua kilizidi. Tulimpeleka hospitali jana jioni. Ametuacha alfajiri. Pole sana, mwanangu."

Odero alikaa kwenye sakafu ya korido. Wanja alimkuta hapo, akaweka ndoo chini, akamwita Roseline.

Jumapili alasiri wapangaji wa plot walikusanyika uani kupanga safari ya kumpeleka Mzee kwao Siaya kwa mazishi. Wanja alileta viti. Wekulo alikuja kutoka Mathare na mfuko wa nguo za marehemu. Ulikuwa umefungwa vizuri, tayari kwa safari.

Baada ya maombi, Odero aliomba kusema. Alisimama katikati yao.

"Majirani, baadhi yenu mlikuwepo siku ile nilipomwita baba yangu mwizi wa petroli. Wengine mmesikia tu. Leo nataka msikie kutoka kwangu. Mzee Owiti hakuiba hata tone. Pikipiki yangu ilikuwa mbovu, nami sikutaka kuipima. Yeye alikuwa akipangusa petroli iliyomwagika, ili nyinyi na watoto wenu msiungue. Aliniomba niwaambie haya akiwa hai. Nilimwahidi, nikachelewa." Aliugeukia ule mfuko wa nguo. "Nimechelewa, Baba."

Kisha Wanja akasimama. Mbele ya wote akasema, "Nilikuwepo siku ile, na nilinyamaza. Mimi pia naomba msamaha wake." Wale watu wawili wa ngazini nao wakasimama.

Walimzika Mzee Owiti kwao, kando ya ndugu yake.

Miezi michache baadaye, ugomvi ulizuka steji, pale waendeshaji wanapongojea abiria. Mwendeshaji mmoja aitwaye Kiarie alikuwa na pikipiki aliyoiendesha kwa zamu na mwenzake, Nzembi. Kiarie alikuwa akipiga kelele, akisema petroli inaibwa. Alikuwa amemshika Nzembi shingoni.

Odero alishuka kwenye pikipiki yake, akaingia kati yao.

"Kiarie, umepima?"

"Nipime nini? Huyu ni..."

"Usilitaje hilo neno! Ukishalitaja hutaweza kulirudisha. Mwachilie. Jaza tangi, uandike kilomita, kisha tuongee kesho kutwa. Mimi nitakuja nanyi kwa Shiro."

Walipima. Kiarie alishangaa kuona chujio lake lilivyokuwa limejaa vumbi. Breki yake nayo ilikuwa ikikaba. Shiro alitengeneza yote kabla ya saa sita. Wiki hiyo pikipiki yao ilienda kilomita arobaini kwa lita, kwa zamu ya Kiarie na kwa zamu ya Nzembi. Siku hizi steji nzima hupima mara moja kila mwezi. Hakuna aliyeshikwa shingo tena kwa sababu ya petroli.

Kiarie alimfuata Odero Jumapili moja kumshukuru. "Ungechelewa kidogo, ningempoteza rafiki yangu," alisema. "Twende nikununulie chakula. Ama una safari?"

Odero aliitazama barabara inayoelekea Mathare.

"Sina," alisema. "Sina safari tena."