Nakijwa na Viatu vya Pwi-Pwi

Asubuhi ile tulikuwa tunakwenda kumzika jirani yetu, Bibi Mbazi. Nikatoka chumbani nimevaa shati la kasuku. Kasuku kumi na wawili, wekundu na wa njano!

Mama Nakijwa, dada yangu, akanitazama juu mpaka chini.
"Hongera, kaka! Na hao kasuku wanakuja kulia?"

Mimi, Mjomba Elisante, nimefika nchi kumi na moja. Kuvaa, bado najifunza.

Nikarudi ndani, nikavaa shati jeupe. Mara nikasikia:
Pwi! Pwi! Pwi!

Alikuwa Nakijwa, wa miaka mitano. Gauni la bluu iliyokoza. Sawa. Kitambaa kichwani. Sawa. Miguuni, viatu vinavyolia kila akikanyaga!

Nani alimletea? Nani mwingine! Mjomba mwenye busara.

"Hivyo hapana," akasema Mama. "Msibani tunakwenda kwa utulivu. Viatu vya kelele vinabaki."

Nakijwa akainamisha kichwa.
"Bibi Mbazi alikuwa haoni. Akisikia pwi, pwi, anasema, 'Nakijwa huyo!' Nikivivua, atajuaje nimekuja kumuaga?"

Mama akamweka sawa kitambaa kichwani. Mimi sijui kunyamaza.
"Niachieni mimi!" nikasema.

Nikajaza pamba ndani ya viatu. Nakijwa akapiga hatua.
Pwi! Pwi! Pwi!

"Niachieni mimi!" Nikavivika soksi zangu kwa juu.
Pwi! Pwi! Pwi!
Sasa vinalia, na vinanuka.

"Asante sana, fundi," akasema Mama. "Wafiwa watafurahi."

Nakijwa akakaa chini. Akavua kiatu kimoja. Akavua cha pili. Akavaa makubazi yake meusi, yasiyosema neno.

"Nitamwambia mwenyewe," akasema.

Msibani watu walikaa mikekani, kimya. Nakijwa akasogea karibu na jeneza. Taratibu, taratibu.

Akanong'ona, "Shikamoo, Bibi. Ni mimi, Nakijwa. Nimekuja kukuaga."

Mama akafuta machozi kwa pembe ya kanga. Mimi sikulia. Nilikohoa tu, kwa macho.

Jioni nikamfunika Nakijwa shuka. Bado nilikuwa na wasiwasi, mtu mzima mimi.
"Nakijwa, bila viatu vile, unadhani Bibi alijua ni wewe?"

Nakijwa akapiga miayo.
"Mjomba, nilimwambia jina langu. Zima taa."