Beseni la Maharagwe ya Bosibori

Kila asubuhi Nyakerario alichuma chai mpaka saa nne, kisha akarudi jikoni kuinjika uji. Lakini wiki hiyo macho yake yalienda tu kwenye beseni la maharagwe.

Mama mkwe wake, Bosibori, alikuwa amezikwa mwezi uliopita, hapo Nyamache. Alipokuwa hai alitunza mbegu za aina tatu, kila aina katika kibuyu chake, ndani ya majivu ili wadudu wasizile. Siku ya matanga watu walijaa, vyombo vya uji vikapungua. Nyakerario mwenyewe ndiye aliyemwaga mbegu zote katika beseni moja, akaosha vibuyu vitumike kunywea uji.

Sasa mvua ilikuwa imeanza, na maharagwe yote yalikuwa mekundu.

"Yapike tu," alisema mumewe, Mokua. "Mbegu nitanunua soko la Daraja Mbili."

"Na ile ya mama, iliyoiva kabla ya zote?"

Mokua alichukua jembe akatoka.

Mchana alipita jirani yao Persis, wa kikundi cha wakulima wanaohifadhi mbegu. Nyakerario alimweleza yote, akiona haya.

"Mama Job, rangi ni moja, lakini umbo si moja," Persis alisema. "Lete rula ya mwanao Job."

Walichambua kwa macho kwanza. Zikapatikana ndefu, za wastani, na ndogo za mviringo. Nyakerario alizisukuma zile ndogo pembeni.

"Hizi ni za kuku. Hazikukua."

"Kuku wako atakula urithi. Mbegu iliyodumaa hukunjamana. Hizi zimejaa. Tupime."

Persis alipanga mbegu kumi ndefu, moja nyuma ya nyingine, kando ya rula. "Mbegu moja inaweza kukudanganya. Pima kumi, kisha gawanya kwa kumi."

Zilifika sentimita kumi na sita, yaani milimita kumi na sita kila moja. Alipozipanga kwa upana, zilifika sentimita saba. Zile ndogo zilikuwa tisa kwa urefu, nane kwa upana.

"Unaona? Urefu na upana vinakaribiana, na zote kumi zinafanana. Hii ni aina kamili."

"Ndiyo ile inayoiva mapema?"

"Rula haijui hilo. Shamba litakuambia. Panda kila aina mstari wake, weka kijiti, andika vipimo."

Alifanya hivyo. Miezi miwili na nusu baadaye, mstari wa mbegu ndogo ulikauka, mingine ikiwa bado kijani. Nyakerario alitenga mbegu kwanza, kisha akapika zilizobaki. Mokua alionja, akachota tena.

"Haya ni ya mama," alisema. "Kesho nitachekecha majivu."

Jioni hiyo Nyakerario alimpelekea Persis kikombe kimoja cha mbegu.

"Asante, dada. Zikipotea kwangu, nitakuja kuziomba kwako."

"Njoo. Na ukipata wageni, njoo pia uazime vikombe vya uji."