Taa za Nyuma Zilizotoka Ugalla

Maji ya kusuuzia gari yalinuka asali.

Pelagia aliinamia ndoo, akanusa tena. Harufu ya sabuni ya unga aliijua. Mafuta ya taa ya kufutia lami aliyajua, na hata rangi ya viatu ambayo mdogo wake alipaka kwenye matairi ili yang'ae. Hii ilikuwa asali, tena ile inayorinwa kwa moshi mwingi, na ilitoka sehemu moja tu ya gari: nyuma, chini ya taa mpya.

"Melki, umemwaga nini huku?"

"Maji, dada. Nimwage nini kingine, soda?"

Melkiadi alikuwa amejilaza uvunguni mwa gari lao, Corona, miguu nje, akisugua bampa kwa majivu na ndimu. Gari lile alilinunua likiwa mkweche, mafundi wa mtaa wa Majengo wakamcheka mpaka wakachoka. Tangu mvua zikatike hakuwa na jioni nyingine ila ya uani: mswaki wa kuchokonolea kona za milango, fulana kuukuu ya kufutia, mshumaa ulioyeyushwa kwenye mafuta ya taa ukawa polishi. Pelagia, ambaye kazi yake ilikuwa cherehani barazani, alishona mavazi ya viti na kufuma kitambaa cha dashibodi. Walitaka liwe gari la kubebea maharusi, wala si kitu kingine.

Zilikuwa zimebaki taa za nyuma. Moja ilikuwa imepasuka, nyingine haikuwa na kioo kabisa, balbu imeviringishiwa nailoni nyekundu. Mpanda nzima hakikupatikana kioo cha taa cha gari lile. Ndipo Melkiadi akaitwa Ugalla, porini, kutengeneza lori lililokwama, akarudi na kioo kimoja chekundu cha taa ya lori, kinene, chenye kina. Alikikata vipande viwili kwa msumeno wa chuma uliopashwa moto, akavilainisha kwa msasa, akavipachika kwa gundi na skrubu, kimoja kulia, kimoja kushoto.

"Ukikanyaga breki," alisema siku hiyo, "utadhani gari ya waziri."

Pelagia alikuwa amefurahi, kadiri mtu aliyechoka anavyoweza kufurahi. Alimlea Melkiadi tangu mama yao alipofariki, na hakuwa na mtu mwingine duniani. Wachumba walikuja wakaondoka, cherehani ikabaki, Melkiadi akabaki. Alimwaga ile ndoo shinani mwa mpapai.

Kesho yake mchana nyuki walikuja. Hawakuzunguka wala hawakumuuma mtu. Walitua tu juu ya zile taa mbili, wakabanana hadi wekundu ukafunikwa, wakakaa hivyo mpaka jua lilipopoa. Pelagia aliwatazama kutoka barazani, mguu umesimama juu ya pedeli ya cherehani.

Kisha Melkiadi akaanza kuchoka. Haukuwa uchovu wa kazi. Aliamka amechoka, akala amechoka, akasinzia na tonge mkononi. Mashavu yalibonyea. Shati alilolijaza mwezi uliopita sasa lilimning'inia.

"Usiku huwa unaenda wapi?" Pelagia alimuuliza.

"Nalala, dada. Nalala kama gogo. Ndiyo maana sielewi."

"Na suruali hii?" Alimnyooshea. Alikuwa ameitia viraka magotini Jumatatu, kwa kitambaa kigumu cha turubai, mshono wa mara mbili. Kabla ya Jumapili viraka vilikuwa vimesagika hadi nyuzi. "Unapiga magoti wapi wewe? Kanisani hata hukanyagi."

Melkiadi aliicheka ile suruali kidogo, kisha akaacha kucheka.

Siku Melkiadi aliyopeleka betri ya gari kuchajiwa kwa fundi wa jirani na stesheni, gari lilibaki uani bila umeme wowote. Jua lilikuwa linatua. Pelagia alikuwa anapinda gauni la komunyo, kitambaa cheupe, na akaona cheupe kile kikiwa chekundu chini ya sindano. Aligeuka. Taa za nyuma zilikuwa zinawaka. Tena haukuwa ule mwanga hafifu wa kutembelea usiku, ulikuwa mwanga mkali wa breki, ule unaowaka mguu ukikanyaga pedeli. Akatazama kiti cha dereva kupitia kioo cha nyuma alichokifuta yeye mwenyewe asubuhi, na hapakuwa na mtu, ila vazi la kiti alilolishona lilikuwa linabonyea katikati na mgongoni, taratibu, kama linavyobonyea mtu mzito anapojiweka sawa kwa safari.

Jirani yake, Mama Salvatori, alikuja na chupa ya maji ya baraka.

"Mimi nilisema hii gari inang'aa kupita kiasi," alinong'ona. "Kitu kiking'aa hivyo lazima kiite kitu. Shika rozari."

"Nimeshika."

"Shika vizuri, mwanamke, unaitetemesha kama njuga!"

Alinyunyiza. Taa zikazimika. Wanawake wakashusha pumzi pamoja, Mama Salvatori akaanza kufunga kizibo, ndipo taa zikawaka tena, polepole, kama mtu aliyengoja mgeni amalize kuongea. Mama Salvatori aliondoka bila kuaga, kandambili moja ikabaki mlangoni.

Alfajiri ya siku iliyofuata, kabla ya jogoo, Pelagia aliamshwa na mkwaruzo wa kikombe ndani ya debe la unga. Alilala akisikiliza. Unga ulikuwa ukiisha mapema mno siku hizi, naye alikuwa amewalaumu panya. Mlango wa uani ulilia. Aliinuka bila kuvaa viatu, akapita ukutani kwa kugusa, na kadiri alivyokaribia uani ndivyo harufu ya asali na moshi ilivyozidi kumjaa puani, hadi alipofika kizingitini akamwona mdogo wake amepiga magoti nyuma ya gari, bisibisi imelala kando, vile vipande viwili vyekundu amevishikanisha kwa viganja vyake vikawa tena kitu kimoja, bakuli, na ndani ya bakuli kuna unga mweupe, na ule unga ulikuwa unapungua, haumwagiki, unapungua tu kutoka juu kwenda chini kama maji yanavyozama mchangani, na kila ulipopungua mabega ya Melkiadi yalishuka kidogo, na mahali fulani karibu sana na uso wake palisikika kutafuna, kwa utulivu, bila haraka, kutafuna kwa mtu aliye kwake.

"Melki," aliita kwa sauti isiyotoka. "Melki, mdogo wangu."

Hakugeuka. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuona. Bakuli lilipokuwa tupu alivirudisha vipande mahali pake, akakaza skrubu moja moja, akampita dada yake mlangoni, akarudi kulala.

Asubuhi Pelagia hakupika uji. Alikaa mbele yake.

"Kile kioo ulikitoa wapi? Usiniambie kwenye lori."

"Kulikuwa na kibanda porini, dada. Cha nyasi, kifupi, kinaishia gotini. Kioo kilikuwa ndani, kimewekwa kama sahani. Kina unga na asali."

"Na unga ukaufanyaje?"

"Niliumwaga. Nikakifuta na shati. Nilidhani ni watoto wamecheza."

"Watoto gani, Melki? Watoto gani wa kule porini?"

Alijifunika uso kwa mikono. Mifupa ya vidole ilihesabika.

Mama Salvatori, ambaye woga haukumnyima ujirani, aliwaletea mzee Lyamba, mtu wa kabila la Wakonongo aliyemuuzia asali, mrinaji na mtu wa dawa za huko Ugalla. Lyamba aliegesha baiskeli yake nje ya ua na hakutaka kuingia. Alikohoa sana, akaomba maji, akayanywa yote ndipo akatazama.

"Mmekikata," alisema.

"Nilikikata mimi, mzee," Melkiadi alijibu.

"Hiyo siyo taa. Ilikuwa taa, lori likafa, tukampa mwenye pori iwe bakuli la chakula chake. Nyie wa mjini mnamwita jini. Anakuja anakuta hana bakuli. Atafanyaje? Amelifuata." Akamtazama Melkiadi juu mpaka chini. "Unga wenu haumtoshi. Anamalizia na wewe. Kirudi leo, na mrudishaji ni aliyechukua."

Walikwenda jua likiwa juu. Melkiadi aliendesha, kwa kuwa hakuwepo mwingine, Lyamba kando yake, Pelagia nyuma na mfuko wa unga mapajani. Barabara ilikuwa mashimo matupu, na Melkiadi alikuwa anasinzia. Kichwa kilimwanguka kifuani, Pelagia akawa anampiga bega. Lakini kila penye shimo gari lilipunguza mwendo lenyewe. Pelagia alichungulia kati ya viti, akaona pedeli ya breki ikishuka taratibu, na mguu wa mdogo wake uko mbali nayo.

"Usitazame chini, mama," Lyamba alisema bila kugeuka. "Anatupeleka vizuri. Ana njaa."

Kibanda kilikuwa hatua chache kutoka njiani, kati ya miyombo, hakina mlango. Melkiadi alifungua vioo kwa bisibisi, akavipaka gundi, akavifunga kwa waya. Gundi ikaachia palepale, kama imepakwa kwenye mafuta. Waya ukakatika. Akafunga tena, ukakatika tena. Lyamba alimimina unga hivyohivyo, nao ukapita kwenye ufa ukaingia ardhini, na porini ndege wakanyamaza.

"Mnaona? Hawezi kupokea. Asipopokea hapa atarudi kupokea kwenu."

"Sasa?" Pelagia aliuliza.

"Nta itashika. Nta ya mizinga ya humu humu, siyo ya mjini. Naifuata ng'ambo ya mto. Lakini hatanisubiri, anataka kula sasa. Lazima mtu avishike."

Melkiadi alipiga goti. Lyamba akamvuta kwa ukosi wa shati.

"Siyo wewe! Amekwisha kukuonja; ukishika hapa, kwake, umekubali kuwa wake."

"Basi nani?" Melkiadi alisema, lakini Pelagia alikuwa ameshapiga magoti.

"Dada, hapana."

"Nenda kwenye gari, ulale. Usingizi wa kweli."

"Dada…"

"Melki, nimechoka kubishana. Nenda."

Alivishikanisha vipande viwili kwenye viganja. Lyamba akamimina unga na asali juu yake, akamwambia asiachie mpaka nta ifike, na asiseme neno. Kisha akaondoka, kikohozi chake kikizidi kuwa chembamba mitini.

Unga ulianza kupungua. Kitu cha joto kilimpumulia vifundoni mwa mikono, kwa adabu. Nyuma yake alimsikia Melkiadi akifungua mlango wa gari, kisha akapiga mwayo mrefu, wa kitoto, wa mtu ambaye usingizi wake umerudishwa. Baada ya muda alisikia akikoroma. Ni wiki ngapi hajasikia mtu akikoroma nyumbani kwao! Pelagia alitaka kulia na kucheka, akafunga mdomo. Magoti yalimuuma. Jua liliteremka, likamfikia shavuni. Mto ulikuwa mbali kuliko alivyodhani, na uchovu ulimpanda kutoka viwiko hadi mabegani, mzito na mtamu, kama blanketi analofunikwa mtu na anayempenda.

Unga uliisha.

Alitazama bakuli jekundu, tupu, safi, limelambwa hata pembeni. Akasikiliza kikohozi cha Lyamba. Hakukuwa na kikohozi. Kule nyuma Melkiadi alijigeuza usingizini akacheka na ndoto yake, cheko la afya, la mtu aliyeshiba.

Ndipo ncha ya kidole cha shahada cha Pelagia ikaguswa na kitu chenye unyevu, kinachokwaruza kama ulimi wa ndama. Kilionja, kikaacha, kikarudi. Kikakichukua, kisha na kidole cha pili.

Pelagia alivibana vile vipande, barabara, ufa usionekane. Hakuachia.