Chakula Hakimngoji Mgeni Rasmi

Majirani zangu, wazazi wenzangu, na ninyi vijana mnaosoma huku sikio moja liko kwenye muziki, sogeeni. Nina habari ya nyumba ya kaka yangu. Si umbea, mwenyewe ameniruhusu niieleze, mradi nisisahau kutaja kwamba siku hiyo wanawe aliwanyoa vizuri. Basi nimetaja.

Kaka yangu ni kinyozi. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba, kina kioo kirefu chenye ufa pembeni na kiti kinachozunguka kikipenda. Jumamosi ile asubuhi hakupokea mteja mpaka awamalize wanawe wawili. Mkubwa yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, na nyumbani tunamwita Itifaki, kwa sababu tangu utotoni hapiti mlangoni kabla ya kuuliza nani atangulie. Mdogo ndiyo kwanza ameingia chuoni. Huyo ni Kitinda, ndiye aliyefunga uzazi kwa mama yake.

Mimi ni shangazi yao, fundi cherehani. Nilikuwa nimepeleka vitambaa vya meza nilivyoshona kwa ajili ya sherehe yao ya jioni ile, ya kuwaaga wanaomaliza chuo. Itifaki alikuwa mwenyekiti wa kamati, na kamati ilikuwa na kazi. Mwaka uliotangulia sherehe hiyo iliishia kwa viti kuvunjika na bwana mmoja kuogelea na suti yake kwenye bwawa la samaki wa mapambo. Chuo kikasema: mara moja tu zaidi, na mkiharibu, sherehe za wanafunzi zimekwisha.

Kwa hiyo Itifaki aliandika kanuni za pombe. Alitusomea akiwa amenyolewa upande mmoja, shingoni kitambaa cheupe kama mtoto anayelishwa uji. Chakula kwanza, kinywaji baadaye. Maji kila meza. Asiyekunywa asilazimishwe wala asichekwe. Pombe kali marufuku. Wawili wasiokunywa kabisa wavae utepe wa kijani na kuwaangalia wenzao. Aliyekunywa hashiki usukani. Na aliyezidiwa haachwi peke yake, msaada unaitwa papo hapo.

"Nzuri sana," kaka akasema, akimgeuza kichwa. "Na mgeni rasmi akichelewa?"

"Hawezi kuchelewa, baba. Ameandikiwa saa tisa."

Kaka alinitazama kwenye kioo, tukacheka kimyakimya.

Wifi yangu, mwalimu wa chekechea, akatoka na chai, mkate na mayai. Wanaume wale wawili wakasukuma sinia kama limewekwa dawa.

"Kuleni, wanangu."

"Mama, tunaweka nafasi," Kitinda akasema. "Kuna kuku huko wa kumwaga. Jana usiku pia sikula."

Wifi aliguna. Nami niliguna, lakini kikombe changu sikukigusa, maana na mimi nilikuwa nimealikwa na nilikuwa naweka nafasi. Walipotoka, mama alimshika mkubwa mkono. "Itifaki, mwangalie mdogo wako."

"Kuna kanuni, mama," akajibu, na akaondoka akinyoosha tai.

Ukumbi ulipendeza. Vitambaa vyangu vilikaa sawa, maji yalikuwa mezani, vyombo vya chakula vimepangwa ukutani na vifuniko vyake vinang'aa. Harufu ya kuku ilikuwa inatembea meza hadi meza kutusalimia. Nilikaa karibu na mlango wa stoo ili niondoke na vitambaa vyangu mapema. Mgeni rasmi alikuwa Mlezi wa Wanafunzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, ambaye ndiye angeamua kama sherehe ziendelee au zifungwe.

Saa tisa ikafika, ikapita bila mgeni. Saa kumi nayo ikafika, ikakuta tunaitazama milango. Nanyi mnajua tulivyo: kufunua chakula kabla ya mgeni rasmi ni kosa ambalo hata mwizi wa kuku angelionea aibu. Tumbo langu likanguruma mpaka jirani yangu mezani akauliza, "Umesema?" Nikamjibu, "Nimesema mgeni njoo, mwenyeji apone."

Ndipo mshereheshaji, kijana wa maneno mengi na koti la kumetameta, akamfuata Itifaki.

"Mwenyekiti, watu wamenuna. Tufungue makreti, wapoze koo."

"Kanuni ya kwanza ni chakula kwanza."

"Basi fungua chakula."

"Kabla ya mgeni rasmi?" Itifaki aliruka kama ameungua. "Umerogwa?"

Walitazamana. Nilimwona mpwa wangu akipiga hesabu kichwani, na hesabu ilikuwa hii: kanuni unaweza kuipinda kidogo, lakini heshima huwezi. Akasema, "Haya. Bia mojamoja. Za kupoza koo tu."

Hapo ndipo nyumba ya kaka yangu ilipoanza kutetemeka, na hakuna aliyesikia, maana muziki uliwekwa. Mojamoja ikawa mbilimbili. Ukumbi ukachangamka, na sitasema uongo, ulikuwa mchangamfu kweli. Njaa ilisahaulika. Lakini mwenye njaa akisahau njaa yake, tumbo halisahau. Lile la Kitinda lilikuwa tupu tangu jana yake mchana, na meza yake ilikuwa ya wakubwa waliofurahi kumpata mdogo wa mwenyekiti.

"Huyu ni damu ya kiongozi! Mpeni kinachomfaa!"

Kikatoka kichupa cha pombe kali kilichoingia ukumbini ndani ya soksi. Kikamiminwa kwenye soda. Mtoto hakuwahi kunywa maishani. Alikunywa kama anavyokunywa soda, kwa kiu, akataka nyingine.

Aliyekiona kile kichupa alikuwa msichana mmoja wa utepe wa kijani. Wenzake wanamwita Refa, kwa kuwa ndiye anayechezesha mechi zao za mpira wa wavu, na filimbi yake huwa shingoni hata akienda maktaba. Alikichukua, akakimwaga kwenye sinki, akawasukumia jagi la maji. Wakamzomea. Hakujali. Ila kilichokwisha kumezwa hakikumwagika.

Saa kumi na moja kamili ikatangazwa: mgeni ameingia getini! Watu wote wakasimama. Kitinda naye akasimama, akapiga makofi, kisha akakaa mahali ambapo hapakuwa na kiti. Meza nzima ikacheka. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Kisha tukangoja ainuke, na hakuinuka.

Itifaki alifika mbio. Akamtazama mdogo wake sakafuni, akautazama mlango mkubwa ambao mgeni angeingilia, akamwita mshereheshaji. Wakambeba mmoja mikono, mmoja miguu, wakapita mbele yangu hadi stoo, wakamlaza chali juu ya vitambaa vyangu vya akiba. Niliwafuata.

"Shangazi, amechoka tu," Itifaki akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka kwenye ule unyoaji mzuri. "Alale kidogo. Mshereheshaji, nenda kwenye kipaza sauti."

Nikamshika Kitinda mkono. Ulikuwa wa baridi. Nikamwita jina lake la nyumbani, nikamfinya sikio, sikio ambalo tangu utotoni nikiligusa tu hupiga kelele. Kimya. Pumzi yake ilikuwa inakoroma kooni kama bomba lililoziba. Niliogopa, wapendwa.

Refa akaingia. Bila kuuliza akapiga magoti, akamgeuza Kitinda kwa ubavu, akamwinamisha uso. Hapohapo mtoto akatapika. Kama angekuwa bado chali, yale yote yangerudi kooni.

"Tunaita zahanati ya chuo," Refa akasema.

"Nusu saa," Itifaki akasema. "Nakuomba, dada. Mgeni akate keki, aondoke, halafu tutamwita nani sijui. Akimwona huyu, zimekwisha. Sherehe zote, na wote watakaokuja baada yetu."

"Aliyezidiwa haachwi, msaada unaitwa papo hapo. Nani aliandika?"

"Niliandika mimi!"

"Basi nisomee kanuni ya nusu saa. Iko wapi?"

Itifaki alikuwa ameshika kitasa cha mlango, anataka kuufunga. Huko nje mshereheshaji alikuwa ameanza: "Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa wahadhiri, wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa..."

Refa akapuliza filimbi.

Ndugu zangu, filimbi ya mpirani ndani ya stoo! Ukumbi mzima uliganda. Muziki ulizimwa. Mshereheshaji akabaki mdomo wazi. Refa akatoka mlangoni na kupaza sauti: "Mtu amezidiwa huku. Tunahitaji muuguzi!"

Wa kwanza kuingia alikuwa mgeni rasmi mwenyewe. Alivua viatu vyake vya visigino, akapiga magoti juu ya vitambaa vyangu, akaweka shavu karibu na pua ya mtoto kusikiliza pumzi. Huku mwalimu mmoja akipiga simu zahanati, alituuliza:

"Amekunywa nini? Tangu saa ngapi? Amekula nini?"

La mwisho nilimjibu mimi. "Hajala tangu jana mchana, mama. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Muuguzi na dereva walikuja upesi, zahanati iko nyuma tu ya ukumbi. Wakamfunika blanketi, wakambeba. Itifaki alikwenda naye ameshika miguu yake. Hotuba aliyoifanyia mazoezi wiki nzima ilibaki mezani ikilowa soda.

Mlezi akavaa viatu vyake, akaenda kwenye kipaza sauti. Tulijua kinachokuja. Akasema, "Fungueni chakula."

Hakuna aliyesogea.

"Nimesema fungueni chakula! Na mjue kilichonichelewesha." Niliona uso wake ukishuka. "Nilikuwa nakula nyumbani. Nimealikwa kwenye sherehe zenu miaka mingi, na siku zote chakula huchelewa, basi nimejizoesha kula kwanza. Sikujua kwamba chakula huchelewa kwa sababu yangu."

Wachache walicheka, wakaacha. Tulikula kimya, na yule kuku niliyemwekea nafasi hakuwa na ladha.

Kule zahanati walimtundikia maji yenye sukari, maana sukari mwilini ilikuwa imeshuka kwa njaa na pombe pamoja. Muuguzi alituambia wazi kwamba wangemwacha alale "kidogo" wangempata amelala moja kwa moja. Kaka alifika na aproni yake, mashine ya kunyolea bado mfukoni. Wifi alikuja na viatu visivyofanana.

Magharibi, Kitinda alifumbua macho. Akatutazama mmoja mmoja. Neno lake la kwanza, na hili nitalisema hata kwenye harusi yake, lilikuwa: "Wameshafungua chakula?"

Kaka alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikuweza kutofautisha. Muuguzi naye alicheka. Wasiocheka walikuwa wifi na Itifaki aliyekuwa amesimama ukutani.

"Mama," Itifaki akasema, "nilitaka kufunga mlango. Refa ndiye aliyekataa."

Wifi alimgeukia. Mwalimu wa chekechea hapandishi sauti. "Ulikuwa unamficha mdogo wako asionwe na nani, mwanangu?"

"Na mgeni."

"Nami nilikupa umwangalie."

Alisema hayo tu. Kisha akamvuta, akamkumbatia, na kijana wa mwaka wa mwisho chuo kikuu akalia kwenye bega la mama yake kama siku ya kwanza ya shule.

Jumatatu Mlezi aliiita kamati. Itifaki alikwenda amekwisha jiuzulu moyoni. Mlezi akawaambia: "Ningesikia habari hii kesho yake, kutoka kwa mtu mwingine, ningefunga kila kitu. Nimeisikia kwa filimbi. Sherehe zinaendelea." Wale wa kichupa cha soksi walipewa adhabu yao, na kanuni ya kwanza ikaandikwa upya: chakula kikiiva kiliwe, aje asije mgeni.

Sherehe iliyofuata, wiki chache kabla Itifaki hajaondoka chuoni, mgeni rasmi alikuwa profesa mmoja mwenye ndevu. Alichelewa, kama kawaida ya ndevu zile. Alipoingia alikuta ukumbi mzima umeshiba, wengine wanachokoa meno, na sahani yake imefunikwa inamngoja. Alishangaa kidogo, kisha akala vizuri sana. Utepe wa kijani alikuwa ameuvaa Itifaki. Kitinda alikuwa na glasi ya juisi, amekuja ameshiba, kwani siku hizi mama yao husimama kwenye geti la nyumbani na sinia, na hapiti mtu mpaka amekula. Hata mimi nilikula hapo getini, nimesimama, na bado kuku nikamtendea haki.

FUNZO

Sijaja kuwakataza watu wazima glasi yao. Anayetaka kunywa anywe kwa kiasi, akiwa ameshiba, na maji yakiwa karibu. Asiyetaka aachwe na juisi yake kwa amani. Ukiandaa sherehe, usitegemee karatasi ya ukutani ikufanyie kazi. Kanuni inayopindishwa kumfurahisha mkubwa haimlindi mdogo. Na mwenzako akizidiwa usimcheke, usimlaze chali, usiseme atalala tu itamtoka. Mgeuze kwa ubavu, kaa naye, piga kelele, hata kama ukumbini yuko nani. Mficha maradhi, kifo humuumbua, wazee walishasema, na wala hawakusema maradhi yafichwe mpaka keki ikatwe.

Chakula cha mgeni kikipoa, kitapashwa moto. Mtoto wa mtu akipoa, hapashwi.